Taifodi kila mwezi? Kipimo kimekuambia nini hasa

Karatasi yenyewe ni ndogo, imechanwa kwenye kitabu cha maabara, na maandishi yake wengi wetu tunayajua kwa sura: TO 1/160, TH 1/80, pembeni mhuri wa bluu. Mgonjwa haelewi namba hizo zina maana gani. Anachoelewa ni neno analoambiwa akifika dirishani: una taifodi. Anapewa sipro za siku kumi au anaandikiwa sindano za asubuhi na jioni, anarudi nyumbani. Miezi miwili haijaisha mwili unachoka tena, kichwa kinagonga, anarudi kupima, karatasi inasema yale yale. Ndiyo maana ukikaa kijiweni, saluni au kwenye foleni ya daladala hukosi mtu wa kukueleza kwamba yeye ana taifodi sugu, imeshaingia kwenye damu, haisikii dawa.

Sehemu kubwa ya watu hao hawana taifodi. Wapo ambao hawajawahi kuugua taifodi hata siku moja. Hili halitokani na ujinga wa mgonjwa, linatokana na kipimo kuulizwa swali ambalo hakiwezi kulijibu. Lakini ili hilo lieleweke, tuanze na yale yaliyo mepesi: maambukizi ya tumbo ni nini, na kwa nini yasitibiwe yote kwa dawa moja.

Njia ya chakula inaanzia kinywani na kuishia pale haja kubwa inapotokea. Humo ndani wanaishi bakteria wengi wasio na madhara, na wengine tunawahitaji. Maambukizi ni pale kimelea asiyetakiwa anapoingia na kuleta ugonjwa. Anaweza kuwa virusi, kama rota inayowasumbua watoto wachanga. Anaweza kuwa bakteria, kama wa kipindupindu au wa taifodi. Au anaweza kuwa mdudu wa aina nyingine kabisa kama amiba, giadia na minyoo. Karibu wote hawa wana njia moja ya kusafiri, nayo haipendezi kuitaja mezani: kinyesi cha mtu mmoja kinafika kinywani mwa mwingine, kwa kupitia maji ya kisima, mikono, nzi, au kachumbari iliyokatwa na mtu aliyetoka chooni bila kunawa.

Kwa mtu wa kawaida, njia rahisi ya kuyatofautisha ni kutazama jambo kubwa linalomsumbua mgonjwa. Kuna anayeharisha maji. Kuna anayetoa choo chenye damu. Na kuna mwenye homa isiyoshuka, ambaye choo chake huenda kiko sawa, au hata amefunga choo. Kila mmoja ana tiba yake.

Anayeharisha maji

Hapa adui wa kwanza ni upungufu wa maji mwilini. Mtoto anayeharisha kwa sababu ya rota hauawi na virusi vyenyewe, anauawa na maji na chumvi vilivyomtoka. Kipindupindu ni hivyo hivyo, tofauti ni kasi tu: mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kutoa hadi lita moja kwa saa, choo cheupe-cheupe kama maji yaliyooshea mchele, na bila tiba akafa siku hiyo hiyo.

Mwaka 1971, wakati wa vita vya kuzaliwa kwa Bangladesh, wakimbizi walijaa kwenye kambi ya Bangaon upande wa India, kipindupindu kikawaingia. Dripu ziliisha. Daktari kijana, Dilip Mahalanabis, akaamua kuchanganya chumvi, sukari na magadi kwenye maji, akayaweka kwenye mapipa yenye koki, na ndugu wa wagonjwa wakawa wanachota na kuwanywesha. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 ya wagonjwa vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Ile pakiti ya ORS inayotupwa kwenye droo kama kitu cha bure ndiyo mtoto wa kazi ile.

Siri yake ni sukari. Utumbo unaoharisha unashindwa kufyonza chumvi kwa njia zake za kawaida, ila njia moja hubaki nzima: ile inayopitisha glukosi na chumvi kwa pamoja. Glukosi ikipita inaivuta chumvi, chumvi inayavuta maji. Ndiyo sababu maji matupu hayatoshi, na ndiyo sababu vipimo visichezewe. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye soda na juisi za dukani, inafanya kinyume: inayavuta maji kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo na kuharisha kunaongezeka. Wa pwani hupenda dafu. Dafu si baya, lina madini ya potasiamu kwa wingi, ila chumvi yake ni ndogo, kwa hiyo halichukui nafasi ya ORS kwa mtu anayeharisha sana.

Pakiti isipopatikana, lita moja ya maji safi na salama, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Onja: yakiwa na chumvi kuzidi machozi, mwaga uanze upya. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea kwa kijiko, taratibu. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pamoja na hayo mtoto anapewa vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku (10 kwa aliye chini ya miezi sita), kwa sababu vinafupisha kuharisha na kupunguza uwezekano wa kurudi miezi inayofuata. Mama asiache kunyonyesha. Uji na chakula viendelee. Ile imani kwamba tumbo linaloharisha lipumzishwe kwa njaa imewadhoofisha watoto wengi.

Antibayotiki? Kwa kuharisha maji, mara nyingi hapana. Virusi haviguswi na antibayotiki, na hata kipindupindu chenyewe, ambacho ni bakteria, dawa hupewa zaidi waliozidiwa ili kufupisha ugonjwa. Kinachookoa maisha ni maji, ya kunywa au ya dripu.

Hapa siwezi kupita bila kutaja meno ya plastiki, ambayo wengine huyaita ya nailoni. Mtoto wa miezi michache anaharisha na ana homa, mtu anamfungua kinywa, anaona vivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema hayo ndiyo yanayomuua, yang'olewe. Vile vivimbe ni meno halali ya mtoto, mara nyingi ya chonge, yanayosubiri wakati wake ndani ya fizi. Anayeyakwaruza kwa msumari au kisu anamwongezea mtoto kidonda, damu inayomtoka na maambukizi mengine, na huku maji yanaendelea kumtoka mtoto na hakuna anayeyarudisha. Mtoto huyo alikuwa anahitaji ORS na zahanati.

Choo chenye damu

Damu kwenye choo cha kuharisha, pamoja na homa na tumbo kunyonga, inabadilisha hesabu. Anayeshukiwa kwanza ni bakteria aitwaye shigela, ambaye vimelea wasiofika mia wanatosha kumwangusha mtu mzima, na ndiyo maana akiingia nyumba moja hupita kitanda hadi kitanda. Huyu anahitaji antibayotiki, tena iliyochaguliwa na mtaalamu. Dawa za kufunga tumbo hapa zinaweza kudhuru, na mtoto mdogo asipewe kabisa.

Watu wengi lakini wakiona tumbo linasokota wanasema amiba, wanameza metronidazo. Amiba wa kweli yupo na anaweza kuleta kuhara damu, hata jipu kwenye ini. Shida ni kwamba ana ndugu asiye na madhara, na kwenye darubini ya kawaida vijibegi wanamojifungia havitofautiani. Huyo mpole ndiye anayeonekana zaidi. Kwa hiyo karatasi yenye neno "amoeba" kwa mtu asiyeharisha damu wala kuumwa haina uzito tunaoipa.

Homa isiyoshuka

Sasa taifodi, ambayo vitabu vya afya huiita homa ya matumbo. Inaletwa na bakteria wa jamii ya salmonela anayeishi ndani ya binadamu peke yake. Ng'ombe hana, kuku hana, kwa hiyo kila mgonjwa wa taifodi aliipata kutoka kwa mtu. Bakteria anamezwa, anapenya ukuta wa utumbo, anaingia kwenye damu, anajificha kwenye ini, bandama na uboho wa mifupa. Dalili huanza wiki moja hadi mbili baadaye, wakati mwingine zaidi. Homa haiji kwa kishindo, hupanda siku hadi siku. Kichwa, uchovu mkubwa, kukosa hamu ya kula, tumbo kuuma kidogo, wengine kufunga choo na wengine kuharisha. Asipotibiwa, wiki ya tatu huwa ya hatari: utumbo unaweza kutoka damu au kutoboka, tumbo likawa gumu kama ubao, na hapo ni chumba cha upasuaji.

Ni ugonjwa wa kweli na unaua. Shirika la Afya Duniani linakadiria wagonjwa milioni 9 na vifo 110,000 kwa mwaka 2019. Tatizo letu ni kuiona mahali ambapo haipo, na wakati mwingine kuikosa pale ilipo.

Kile kipimo cha TO na TH kinaitwa Widal, kwa jina la daktari Mfaransa Georges-Fernand Widal aliyekitangaza mwaka 1896. Ukipata nafasi ya kuchungulia maabara utaona: mtaalamu anatenganisha sehemu ya majimaji ya damu, anadondosha matone kwenye kioo cheupe, tone moja anachanganya na dawa ya bluu na jingine na dawa nyekundu, kisha anakitikisa kioo polepole mkononi kwa dakika moja hivi. Mchanganyiko ukibaki laini, hakuna kitu. Ukianza kushikana chembechembe, majibu ni chanya. Namba 1/80 au 1/160 zinasema damu inaweza kuchanganywa na maji kiasi gani na bado chembechembe zionekane.

Angalia kilichotafutwa pale. Bakteria hakutafutwa. Zimetafutwa kingamwili, yaani askari ambao mwili wenyewe unawatengeneza baada ya kukutana na vimelea. Ni sawa na kusoma kitabu cha wageni pale getini: jina limeandikwa, basi mtu aliingia, lakini kitabu hakisemi kama bado yuko ndani au alishaondoka mwaka jana. Na kibaya zaidi, kitabu hiki kina miandiko inayofanana. Salmonela wengine, wale wa chakula kilichochacha, wanaacha majina karibu yale yale. Malaria na maambukizi mengine nayo yanaweza kukichafua. Mtu anayeishi mahali ambapo vimelea hivi viko kwenye maji na vyakula kila siku anaweza kuwa na 1/80 akiwa mzima kabisa, ametoka uwanjani kucheza mpira.

Hapo ndipo "taifodi isiyosikia dawa" inapozaliwa. Kingamwili hubaki kwenye damu miezi mingi. Mtu akipima tena baada ya dozi, kipimo kinasoma kingamwili zile zile, anaambiwa bado anayo, anaongezewa dozi. Kupima Widal ili kujua kama umepona hakuna maana yoyote. Hata ilivyokusudiwa kutumika ni tofauti na tunavyoitumia: damu mara mbili, ya pili baada ya siku 10 hadi 14, kuona kama namba zimepanda mara nne. Nani anasubiri wiki mbili akiwa na homa? Kwa hiyo tunachukua tone moja, siku moja, na kutoa hukumu. Vile vipimo vya haraka vya kutumia kikasha navyo vingi vinatafuta kingamwili, kwa hiyo mtego ni ule ule.

Mtu atasema: lakini mimi nilichoma sindano nikapona siku ya pili. Sawa, ila kupona haraka hivyo ndiko kunakotia shaka. Taifodi ya kweli, hata ikipewa dawa sahihi, homa yake kwa kawaida huchukua siku tatu hadi tano kushuka, pengine zaidi. Homa nyingi zinatokana na virusi na huondoka zenyewe. Nyingine ilikuwa malaria, na mgonjwa alipewa dawa ya malaria kwenye mfuko huo huo. Na kama ilikuwa bakteria wa mahali pengine, kwenye mkojo kwa mfano, seftriaksoni, dawa ya sindano hizo, ingemuua bakteria huyo pia. (Ndiyo maana "UTI na taifodi" zimekuwa kama mapacha kwenye majibu ya zahanati zetu.) Mgonjwa kapona, kipimo kikapata sifa isiyo yake.

Kipimo kinachomtafuta bakteria mwenyewe kipo: kuotesha damu. Mtu mzima anatolewa mililita kama kumi, zinawekwa kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, zinasubiriwa siku kadhaa. Bakteria akiota, anaonekana, na anajaribiwa dawa ipi inamuua. Ni ghali, hospitali ndogo nyingi hazina, na hata chenyewe hakikamati wote, hukamata takriban wagonjwa sita kati ya kumi. Kwa hiyo majibu hasi hayafuti kila kitu, na pale ambapo hakuna maabara hiyo daktari analazimika kuamua kwa dalili, kwa siku za homa na kwa kuondoa magonjwa mengine, malaria ikiwa ya kwanza. Daktari anayekuuliza maswali dakika kumi na kukuminya tumbo anakufaa kuliko kioo cha matone.

Kuna hasara ya kuwachoma sindano wasio na taifodi ambayo haionekani siku hiyo. Kloramfeniko ilikuwa dawa ya taifodi tangu 1948. Baadaye bakteria wakaizoea, wakazoea na ampisilini na septrini, tukahamia sipro, nayo sasa inapoteza nguvu sehemu nyingi. Mkoa wa Sindh nchini Pakistan, tangu mwaka 2016, umekuwa na taifodi isiyosikia hata seftriaksoni, na dawa ya vidonge iliyobaki ni azithromaisini. Hiyo ndiyo taifodi sugu ya kweli, na inaonekana kwa kuotesha, kwa Widal haionekani.

Wapo pia watu wanaobaki na bakteria kwenye kibofu cha nyongo baada ya kupona na kuwaambukiza wengine kwa miaka. Anayejulikana zaidi ni Mary Mallon, mpishi wa New York aliyegunduliwa mwaka 1907 na kuishia kutengwa hadi alipofariki 1938. Lakini mtu wa namna hii haumwi. Uchovu wa kila wiki na mgongo kuuma si dalili ya ubebaji huo, na mwenye hali hiyo anastahili kutafutiwa chanzo kingine: damu kupungua, sukari, kifua kikuu, msongo.

Mtego wa kingamwili uko pia kwenye vidonda vya tumbo. Bakteria anayesababisha vingi kati ya vidonda hivyo, Helicobacter pylori, alikataliwa na wakubwa wa tiba mpaka Barry Marshall wa Australia alipomnywa mwenyewe mwaka 1984 na kuugua tumbo. Yeye na mwenzake Robin Warren walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Kipimo cha damu cha bakteria huyu kinasoma kingamwili, kwa hiyo kitaendelea kuwa chanya hata baada ya kumaliza dozi. Cha choo kinamtafuta yeye mwenyewe. Omba hicho, na uache omeprazo (dawa ya kupunguza asidi tumboni) wiki mbili kabla, na antibayotiki wiki nne, vinginevyo kinaweza kusema hakuna wakati yupo.

Chanjo zinasaidia, kila moja kwa ugonjwa wake. Ya rota hutolewa Tanzania tangu 2013, mtoto akiwa na wiki 6 na wiki 10. Kenya ilianza chanjo mpya ya taifodi kwa watoto Julai 2025. Hakuna hata moja inayomzuia shigela wala amiba, kwa hiyo sabuni na maji ya kuchemsha bado vina kazi.

Mtoto mwenye macho yaliyodumbukia, asiyekojoa, aliyelegea, asiyeweza kunywa, au ambaye ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi, asisubiri asubuhi. Vivyo hivyo kwa damu kwenye choo, na kwa mwenye homa ambaye tumbo limekuwa gumu ghafla. Ukiwa na homa ya kawaida, pima malaria kwanza. Ikiwa hakuna malaria na homa imepita siku tatu, nenda mahali penye daktari na uulize kama kuna kuotesha damu. Damu hiyo ichukuliwe kabla ya antibayotiki ya kwanza, maana hata vidonge vichache vinaweza kuwafanya bakteria wasiote. Na kama ulishameza zile sipro nne zilizobaki kabatini, mwambie daktari kabla sindano haijaingia, hata kama atakugombeza.